Kurasa za nyuma za daftari la fundi simu

Ukurasa wa kushoto unasomeka: Samsung, kioo, 65,000, advansi 40,000, kuchukua Ijumaa 28. Ukurasa wa kulia, kwa kalamu ileile ya bluu: Fundi nguo, Senegali. Boda, Misri. Mwalimu, Moroko. Babu Tazara, Algeria. Mimi, Misri. Juu kabisa kuna tarehe, 20 Juni 2019, siku moja kabla ya fainali za Mataifa ya Afrika kufunguliwa Cairo. Hiyo "Mimi, Misri" nimeipigia mstari mara mbili. Na kwa miaka mitatu na ushei nilikuwa naapa mbele za watu wazima wenzangu kwamba bingwa niliyemtaja ni Algeria.

Nina kibanda cha kutengeneza simu Tandika, Temeke. Mbele yangu, chini ya mwarobaini, ndipo lilipo benchi la kahawa. Mzee wa kahawa hufika baada ya alasiri na birika lake la shaba lililokaa juu ya jiko la mkaa, ndoo ya kusuuzia vikombe, na sinia la kashata. Enzi hizo kikombe kilikuwa shilingi 100. Ukinunua kimoja una haki ya kubishana mpaka isha. Pembeni yupo mama mmoja anasukuma chapati, ambaye husikia kila kitu na hakuulizwa chochote kwa miaka mingi, na hilo nitalirudia.

Ukatibu niliupata baada ya Kombe la Dunia la 2018. Kabla halijaanza, pale kijiweni kulikuwa na Wajerumani, Wabrazili na Waajentina wa kutosha kujaza daladala. Korea Kusini ikamtoa Mjerumani hatua ya makundi, Ufaransa ikamfunga Kroatia 4-2 kwenye fainali, na asubuhi yake kila mtu alikuwa ameshasema Ufaransa tangu mwanzo. Watu walitaka kushikana mashati. Mwalimu, ambaye anafundisha hisabati shule ya msingi, akasema safari ijayo kila mtu aandikishe. Mwenye kalamu na kaunta buku muda wote ni mimi, kwa sababu ya simu za wateja. Nikapewa cheo. Zawadi ikapangwa: atakayepatia anakunywa kahawa bure wiki nzima, vikombe vitatu kwa siku, wengine wanachanga.

Mashindano ya kwanza kuingia kwenye daftari yakawa hayo ya Misri, na yalikuwa na uzito wake kwa sababu Taifa Stars ilikuwemo. Ilikuwa imepita miaka 39. Mara ya mwisho ni Lagos, 1980, mimi sijazaliwa. Jumapili ile ya tarehe 24 Machi 2019 tulikwenda Uwanja wa Taifa kwa miguu, mimi na Boda, yeye pikipiki kaiacha nyumbani akihofia foleni na askari. Tulihitaji kumfunga Uganda, halafu tuombee Lesotho wasishinde kule Praia kwa Cape Verde. Uwanja mzima ulikuwa na simu masikioni. Msuva akafunga, Erasto Nyoni akaweka penalti, Aggrey Morris akamalizia kwa kichwa, 3-0, na bado watu hawakutulia mpaka habari ya Praia ilipokuja: sufuri kwa sufuri. Mzee aliyekaa mbele yangu alivua kofia akajifunika usoni. Siku zilizofuata Rais Magufuli akawaahidi wachezaji viwanja Dodoma, na kijiweni hatukuwa na mada nyingine.

Fundi nguo ndiye pekee aliyekataa kulewa. "Mmemfunga Mganda aliyeshiba," alisema, sindano mdomoni. Na kweli Uganda ilikuwa imeshafuzu tangu Novemba. Tulimzomea. Nilikuja kugundua baadaye kwamba Fundi akiwa na sindano mdomoni husema kweli, akiitoa anaanza Yanga.

Aprili makundi yakapangwa. Sisi Kundi C: Senegali, Algeria, Kenya. Hapo ndipo ubishi wenyewe ulipoanza, na uliendelea wiki kumi bila kupoa, mfungo wa Ramadhani ukiwemo. Tofauti ya Ramadhani ni kwamba kahawa ilianza baada ya futari na watu walibishana wameketi vizuri zaidi.

Mwalimu alikuja na hesabu. Alichukua kipande cha mkaa akaandika kwenye ubao wa kibanda changu, ukutani kabisa, na alama zake zilikaa pale mpaka mvua za vuli. Timu 24, makundi 6. Wawili wa juu kila kundi wanapita, hao 12. Zinabaki nafasi 4, na zinagombewa na timu 6 zilizoshika nafasi ya tatu. "Maana yake nini?" akauliza kama yuko darasani. "Maana yake wa tatu ana uwezekano mkubwa wa kupita kuliko wa kutoka. Ureno, Euro ya 2016, walitoka sare mechi zote tatu za kundi, wakapita kama wa tatu, wakachukua kombe. Sasa sisi kazi yetu ni moja tu. Kenya." Akapiga mstari chini ya Kenya.

Ilikuwa hesabu tamu sana. Sikumbuki mtu aliyeipinga. Boda akaongezea kwamba Sadio Mané ana adhabu ya kadi, hachezi mechi ya kwanza, ambayo ni dhidi yetu. Hili lilikuwa kweli, na lilipokelewa kama zawadi ya Idi. Mané ndiyo kwanza katoka kubeba Ligi ya Mabingwa wa Ulaya na Liverpool. Senegali bila Mané, kwa lugha ya kijiweni, ni chai bila sukari. Halafu sisi tuna Samatta, ambaye Genk yake imechukua ubingwa wa Ubelgiji msimu uleule. Ukipanga maneno hivyo, moja baada ya jingine, mbona tunapita! Leo nikiyatazama naona kilichotokea: tulihesabu alichopungukiwa Msenegali na tulichonacho sisi, hatukukumbuka kuhesabu kinyume chake. Hakuna aliyetaja kwamba Senegali ina mabeki, viungo, na wachezaji wa akiba wanaocheza Ulaya kila wiki.

Boda ni Simba wa kulia machozi, na msimu ule alikuwa na hoja. Simba ilikuwa imefika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. "Al Ahly kafa hapahapa Taifa, bao la Kagere! AS Vita ya Kongo kafa hapahapa! Sasa Mwarabu gani wa kututisha?" Fundi nguo akatoa sindano. "Kwao mlipigwa ngapi?" Tano. "Na kwa Vita?" Tano. "Na Lubumbashi kwa Mazembe?" Nne. "Haya, mashindano yanachezwa wapi? Temeke au Cairo?"

Ungedhani Fundi anajenga hoja ya Taifa Stars. Wapi! Alikuwa anaelekea kwa Ajibu. Kocha Emmanuel Amunike alikuwa amemwacha Ibrahim Ajibu, aliyekuwa na msimu mzuri Yanga, na Jonas Mkude wa Simba naye hayumo. Kwa siku tatu mfululizo ubishi wa nafasi ya Tanzania mbele ya mataifa ya Afrika uligeuka kuwa nani kaonewa, Jangwani au Msimbazi. Waliokuwa Yanga walisema bila Ajibu hatufungi. Waliokuwa Simba walisema bila Mkude tutafungwa. Nilipopitia kurasa zile nilikuta jambo la kuchekesha: ukinipa utabiri tu, jina nimelifunika, naweza kukuambia ni wa mtu wa klabu gani. Hata matokeo ya Kenya na Tanzania. Aliyemtabiria Msuva bao ni Yanga, alikotokea Msuva. Aliyemtabiria Samatta ni Simba, alikopitia Samatta. Wote wawili walifunga, kwa hiyo kila upande ukapata cha kujivunia katika mechi tuliyopoteza.

Shemeji yangu, aliyemwoa dada yangu Mombasa, alikuwa akinitumia sauti za WhatsApp kila usiku. "Shem, nyinyi Wabongo mwapenda maneno. Mwasema Samatta, Samatta, na Olunga mwamjua? Muulize mtu vizuri." Niliziweka kwenye spika watu wasikie, wakazizomea simu kana kwamba yeye yumo ndani. Ninakiri sikuwa nimemtazama Olunga hata mara moja. Nilijua jina. Hiyo ndiyo hali ya nusu ya tuliyoyajadili: tulijua majina.

Babu Tazara hakuwa mtu wa kelele. Alistaafu karakana ya reli ya TAZARA, amezunguka njia ile mpaka Kapiri Mposhi mara nyingi kuliko alivyokwenda kwao Rufiji, kwa maneno yake mwenyewe. Mwaka 1979 alisikiliza redioni tulipokwenda Ndola kutafuta sare, na Peter Tino akasawazisha, 1-1, tukafuzu. Anaisimulia kwa kifupi sana, na kila mara anaishia na Wazambia aliokuwa akifanya nao kazi, jinsi walivyomnyima salamu wiki nzima. Siku ya kuandikisha, zamu yake ilipofika alitazama orodha, akanywa, akasema, "Algeria." Nikamuuliza, na Stars je? "Tutapita. Andika." Nimeandika vyote viwili. Watu wakamkumbusha Algeria mbovu, fainali zilizopita za 2017 ilitoka kwenye makundi. Akasema, "Kombe anachukua asiyefungwa ovyo," akaomba kashata.

Basi mpira ukaja. Tarehe 23 Juni, Jumapili, saa mbili usiku, kibanda umiza cha mtaa wa pili kilijaa mpaka watu walikaa juu ya matofali nje wakisikiliza tu. Senegali bila Mané walitubana kama watu wenye haraka ya kwenda kwingine. Aishi Manula aliokoa, akaokoa, mpaka mama mmoja dirishani akasema huyo kijana apewe maji. Keita Baldé dakika ya 28. Krépin Diatta dakika ya 64, shuti la mbali. 2-0, na tulijua tumehurumiwa. Nilitoka nje nikamkuta Mwalimu anahesabu vidole. Hesabu yake bado ilikuwa hai. "Kenya," akasema. "Kenya naye kapangiwa Algeria usiku huu." Kenya akafungwa 2-0 vilevile. Kesho yake kijiwe kilikuwa kimeshapona kabisa.

Sasa nifike kwenye Alhamisi ya tarehe 27, ambayo sipendi kuisimulia lakini bila hiyo daftari halina maana.

Siku ile zilikuwa mechi tatu: Madagaska na Burundi, Senegali na Algeria, halafu sisi na Kenya saa tano usiku. Mfukoni nilikuwa na 40,000 ya kioo cha Samsung. Dada mwenye simu ni muuguzi, alitoa advansi nikamfuatie kioo Kariakoo, na nilitakiwa kwenda asubuhi ileile. Sikwenda. Nilitengeneza mkeka wa kubeti wa timu tatu: Madagaska ashinde, Algeria amfunge Senegali, Tanzania amfunge Kenya. Ile ya Algeria niliiweka kwa sababu ya Babu, maneno yake yalikuwa yameniingia. Nikaweka yote 40,000. Nilijiambia kioo nitanunua, na chenji itabaki ya kuezeka kibanda upya.

Madagaska akashinda 1-0. Belaïli akafunga, Algeria 1-0. Saa nne usiku nilikuwa nimekaa kwenye kibanda umiza na tiketi kwenye simu, miguu inatetemeka. Na hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia. Wenzangu walikuwa wanaendelea kubishana kama kawaida, aanze Bocco au Ulimwengu, Feisal akae wapi. Mimi sikuwa na neno. Wiki kumi nilikuwa msemaji, nina hoja za kila aina. Usiku ule, baada ya kuweka hela, nilikuwa sina hoja, nina dua tu. Mtu akisema Kenya wana nafasi nilimwona adui. Fundi nguo aliponiambia, "Hawa leo tukae nao vizuri, wana yule mrefu wa mbele," nilimjibu vibaya mpaka akashangaa. Ukiweka hela hutaki tena kusikia habari, unataka kusikia unachotaka.

Msuva dakika ya 6. Sitaeleza kelele. Olunga dakika ya 39, kwa kujipindua hewani, bao zuri hata kwa mtu aliyeumia. Kabla hatujakaa, dakika ya 40, Samatta. 2-1. Mapumziko nilitoka nje nikahesabu hela ambazo sikuwa nazo, nikampa mtoto wa jirani 500 anunue soda, mimi tajiri. Nilimtumia shemeji sauti ya kicheko peke yake, sekunde kumi.

Dakika ya 62 Johanna Omolo, kichwa. Dakika ya 80 Olunga tena. Yule mrefu wa mbele.

Mkeka ulipochanika sikupiga kelele. Nilikaa mpaka mwenye kibanda alipozima jenereta. Shemeji, namshukuru, hakutuma kicheko. Alituma, "Poleni shem. Mulicheza." Kesho yake asubuhi muuguzi akaja kabla sijafungua vizuri. Nikamwambia kioo hakijafika kutoka kwa muuzaji. Alinitazama, akatazama jezi ya Stars niliyolala nayo. "Fundi, ungesema tu umekula. Nina kaka nyumbani, namjua mtu aliyechana mkeka kwa uso." Nilikwenda Kariakoo nikabembeleza kioo kwa mkopo, akakipata Jumamosi, na akanilipa ile 25,000 iliyobaki bila kupunguza hata shilingi, jambo lililoniuma kuliko kama angenitukana. Deni la kioo nililimaliza Agosti.

Algeria walitufunga 3-0 Jumatatu iliyofuata, zote kipindi cha kwanza. Tukarudi na sufuri. Amunike akaondoka. Na ile hesabu ya Mwalimu? Kenya walimaliza nafasi ya tatu na pointi 3, zetu zile, na hawakupita. Tofauti yao ya mabao ilikuwa hasi 4. Benin walipita na sare tatu, Afrika Kusini wakapita na pointi 3 kwa kuwa walikuwa wamefungwa mabao mawili tu. Kwa hiyo hata ule ushindi tuliouota wiki kumi, hata mkeka wangu ungetimia, tungerudi nyumbani vilevile. Mwalimu alipoliona hilo alichukua kitambaa akafuta ubao wangu mwenyewe. Haikufutika yote. Siku hizi akifundisha makundi ya timu 24 anaanza na mabao ya kufungwa. Ameniambia hivyo, na anaudhika ukicheka.

Babu aliondoka na kahawa ya wiki nzima. Misri yangu ilitolewa na Afrika Kusini nyumbani kwao, Moroko ya Mwalimu ikatolewa na Benin kwa penalti, Senegali ya Fundi ikafika fainali ikafungwa 1-0 na Algeria, ambao mashindano yote walifungwa mabao mawili tu. Asiyefungwa ovyo! Tulimpa Babu heshima ya nabii. Watu walikuwa wanamuuliza hadi matokeo ya ligi ya wanawake, hadi bei ya mchele.

Ilikuwa Desemba 2022, wakati wa Qatar, Moroko wakiwaduwaza Wazungu, ndipo mambo yalipoharibika. Nilikuwa najisifu. Nilisema Waarabu wa Afrika Kaskazini mimi nawajua, hata 2019 niliwataja Algeria pamoja na Babu. Sikuwa nadanganya, ninaapa nilikuwa nakumbuka kabisa, nakumbuka mpaka kikombe kilichokuwa mkononi. Fundi nguo, sindano mdomoni, akasema, "Lete daftari." Kaunta buku la zamani lilikuwa chini ya droo ya spea, limeliwa na mende pembeni. Mwalimu akasoma kwa sauti. "Mimi, Misri." Mistari miwili. Walicheka mpaka Mzee wa kahawa akaweka birika chini.

Nililala nikiwaza. Algeria niliiweka kweli, ila kwenye mkeka, kwa mechi moja, kwa maneno ya Babu. Kichwa changu kilichukua ile Algeria ya usiku mmoja kikaihamishia kwenye utabiri wa kombe, kikatupa Misri, na hakikuniambia. Tangu hapo nikisikia mtu anasema "mimi nilisema" simwiti mwongo. Ninamwonea huruma tu, kwa kuwa yeye hana daftari.

Kesho yake nilimfuata Babu peke yake. Nilitaka kujua alionaje Algeria wakati sisi sote tulikuwa vipofu. Ilikuwa ni kocha, Belmadi? Mahrez? Alicheka taratibu. "Mjukuu wangu, Misri mlishataja, Senegali mlishataja, Moroko keshaitaja Mwalimu. Ningetaja nini, Burundi? Na zamu ilikuwa imenifikia, kahawa inapoa." Nikamkumbusha ile ya asiyefungwa ovyo. Akasema hiyo ni kweli siku zote, haina timu. Halafu akaniomba nisiwaambie wengine, na nimevumilia kuliko nilivyodhani ningeweza.

Septemba 2023 tukafuzu tena, safari hii kwa sufuri kwa sufuri ugenini Algeria, na tukapangwa na Moroko, Zambia na DR Congo, kule Côte d'Ivoire, Januari 2024. Daftari jipya. Nilifanya mabadiliko mawili tu. Kwanza, kila mtu anaandika kwa mkono wake na kusaini. Pili, nilimuuliza mama wa chapati, ambaye alikuwa amekaa mita tatu kutoka kwetu miaka yote. Hakuacha hata kusukuma. "Na Zambia? Moja moja. Stars wakifungwa hamli, wakishinda mnakimbilia barabarani na hela hamlipi. Sare ndiyo mtu anakula." Watu wakacheka, nikampa kalamu, akafuta unga vidoleni akaandika. Mimi nilikuwa nimeandika 2-0, na hela yangu ilikuwa nyumbani kwa mke wangu. Kubeti niliacha usiku ule wa Olunga.

Moroko alitupiga 3-0. Jumapili tarehe 21, na Zambia, Msuva akafunga dakika ya 11. Zambia wakapewa kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Kipindi kizima cha pili tukacheza na watu kumi, na kadiri muda ulivyokwenda ndivyo tulivyorudi nyuma, kana kwamba sisi ndio tuliopungua. Dakika ya 88 kona, Patson Daka, kichwa. Kwenye kibanda umiza palikuwa kimya kiasi cha kusikia feni. Babu Tazara, ambaye alikuwa ameletwa na Boda kwa pikipiki mpaka mlangoni, alikuwa anatikisa kichwa, na nilidhani analia. "Ndola moja moja," alisema. "Leo moja moja. Jamaa zangu wamenilipa. Na wao walisubiri miaka mingi."

Asubuhi tulikwenda kwa mama wa chapati na habari ya ushindi wake. Hakushtuka. Akauliza zawadi ni nini, tukamwambia kahawa, vikombe vitatu kwa siku, siku saba.

"Kahawa inanipandisha presha," akasema. "Nipeni hela."

Tulitazamana. Kikombe sasa ni 200. Mwalimu akasema 4,200 kabla mtu hajafungua mdomo, na kila mtu akakumbuka ana kazi mahali fulani. Nikafungua daftari upande wa kushoto, upande wa wateja, nikaandika chini ya Infinix iliyoingia maji: Mama chapati, 4,200, anadai kijiwe.